Umemaliza Unesi Texas, Laiseni Bado: Unaitwa Nani na Unalipwa Ngapi?

Hamjambo watu wa nyumbani, Kisii, Nakuru, Mombasa, popote mko. Niko kwa gari hapa Dallas nimetoka shifti ya usiku, huku ni saa mbili asubuhi, huko kwenu najua ni saa kumi jioni mnaweka chai.

Siku nimegraduate mwezi wa tano, mjomba alinipigia kabla hata sijavua joho. "Sasa wewe ni nesi wa Amerika, paa la kwa shosho tunamaliza mwezi gani?" Nilinyamaza, nikamwambia mjomba ngoja kidogo, na hilo "ngoja kidogo" ndio nataka niwaelezee leo.

Chuo kikimaliza na wewe, bado wewe si nesi. Bodi ya Unesi ya Texas lazima ikupe laiseni, na hiyo inakuja baada ya kupita NCLEX, ule mtihani wa kitaifa wa manesi, dola 200 kujiandikisha, maswali kati ya 85 na 150, saa tano mwisho, na kabla ya hapo kuna alama za vidole na mtihani wa sheria za unesi za Texas, halafu unangoja ruhusa ya kutafuta tarehe ya mtihani. Hapo katikati Texas inakupa kibali cha muda, unaitwa Graduate Nurse, GN. Kinakaa siku 75 tu, hakirudiwi, na matokeo yakitoka kabla ya hizo siku, kimeisha siku hiyo hiyo. Kuna majimbo hayana kibali kama hiki kabisa, kwa hivyo ukiwa huko uliza bodi ya huko.

Na ukiwa GN hufanyi kazi peke yako, lazima RN, yaani nesi mwenye laiseni kamili, awe kwa wodi hiyo hiyo, na huwezi kuwekwa incharge. Mimi nikitayarisha insulini yule nesi aliyekuwa ananifundisha alikuwa anasimama kando yangu, anainua sindano kwenye taa, anasoma namba kwa sauti, ndio naenda kwa mgonjwa. Kila dozi. Nilimpenda sana kwa hilo.

Sasa pesa. Hakuna sheria inasema GN alipwe ngapi, kila hospitali inajipangia. Kuna zile zinakulipa karibu na RN, na kuna zile zinakuweka kama tech, msaidizi wa manesi, mpaka laiseni itoke, yaani pesa ya CNA (msaidizi wa nesi mwenye cheti) na digrii uko nayo. Mimi nikiwa CNA nilikuwa kwa dola 18 kwa saa, GN nikapewa 28, nikaambiwa kwa mdomo kwamba siku laiseni ikitoka naenda 31.

Ikatoka Alhamisi, nimekaa hapa hapa kwa hii parking nairefresh ile page ya bodi mpaka nikaona jina langu na namba, nikalia, nikampigia mama. Lakini mshahara ulikuja wiki mbili baadaye bado ni 28, na uliofuata pia 28! Hospitali ikasema karatasi haijafika kwa watu wa malipo. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nabeba wagonjwa watano kama RN yeyote. Nikaprinti ile page yenye tarehe, nikawapelekea na memo, ndio wakarudisha tofauti yote. Kwa hivyo dada zangu na kaka zangu mlio shule, kabla husaini omba waandike kwenye barua: cheo kabla ya laiseni, mshahara wake, mshahara ukipata laiseni, unaanza kuhesabiwa siku gani, na ukifeli unawekwa wapi. Na usiache kazi yako ya CNA mpaka hiyo barua iwe mkononi.

Hilo la kufeli watu huogopa kuuliza. Rafiki yangu tulianza naye siku moja, akafeli, kibali kikafa siku hiyo, beji ya GN ikachukuliwa, akarudishwa tech. Watu wa kwao wanajua ni nesi, wamemtumia bajeti ya harusi, na hajui ataanzia wapi kuwaambia. Akiwapigia, msimuulize pesa kwanza. Siku 45 za kungoja kabla ya kurudia mtihani zimeisha jana na amepata tarehe, ni Jumanne asubuhi. Nimechukua off nimpeleke mimi mwenyewe.