Bondia, leo una kilo ngapi?

Mhadhara kwa mabondia, makocha na wazazi, Mwanjelwa, Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja na baridi hii.

Nilikuwa na miaka 33 promota mmoja aliponipigia simu Jumatatu asubuhi. Pambano lipo Jumamosi ya wiki inayofuata, kilo 61, bondia wake kaumia mkono. "Utaweza?" Nikajibu palepale, "Naweza, bosi." Mzani sikuwa nimepanda miezi minne. Lakini kilo 61 nilizicheza tangu ujana, nikaona ni zangu kama jina langu. Jioni nikapita hapa sokoni kwa muuza mchele, nikaomba nisimame kwenye mzani wake wa magunia. Ukasoma 69.

Kilo nane, siku 12. Na ninyi mnaijua Mbeya mwezi wa saba: unapanda mlima Loleza na masweta mawili, unarudi mkavu. Zilipobaki tatu nikapanda gari kwenda Kyela kufuata joto. Nikafunga madirisha ya chumba cha gesti, nikavaa koti la mvua, nikaruka kamba. Maji sikunywa siku mbili. Usiku nilikaa kitandani natema mate kwenye kopo, natafuna bazoka ili mate yaje. Hayakuja. Mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Kwenye kupima nikasoma 61 kamili, watu wakapiga makofi, na mimi nikainua mikono.

Raundi ya tatu miguu iligoma. Ngumi naiona inakuja, najua niiname, mwili unafika umechelewa. Raundi ya tano mwamuzi akasimamisha pambano, na namshukuru mpaka leo.

Sasa, zile kilo tatu za Kyela zilikuwa nini? Mafuta hayatoki kwa siku mbili. Yalikuwa maji, na maji hayo yalitoka kwenye damu na kwenye misuli. Damu ikipungua maji, moyo unalazimika kupiga mbio kufanya kazi ileile. Misuli nayo huhifadhi wanga kwa ajili ya pambano, na kila gramu ya wanga hukaa na takribani gramu tatu za maji. Ukijinyima ugali na maji kwa pamoja mzani unashuka haraka, lakini unapanda ulingoni ghala likiwa tupu. Na madaktari wengi wa ngumi wanahofia kwamba ubongo wa mtu aliyekaukiwa maji hauvumilii kipigo. Mwishoni mwa mwaka 1997, Marekani, vijana watatu wa mieleka wa vyuo walifariki ndani ya wiki chache wakishusha uzito kwa joto na nguo za mpira. Hakuna aliyewapiga. Nawaomba wazazi walioko hapa waishike hiyo.

Umri unaingiaje? Misuli imejaa maji, mafuta yana maji kidogo sana. Miaka inavyokwenda, hasa kwa mtu anayekaa miezi bila kambi, misuli inapungua na mafuta yanachukua nafasi yake. Kwa hiyo mtu wa miaka 34 mwenye kilo 69 mara nyingi hana maji ya kutoa kama kijana wa miaka 22 mwenye kilo hizohizo. Mzani unawaona sawa. Na huyo wa 34, akishajikausha, mwili wake haurudi haraka kama wa yule kijana.

Mwangalieni Roy Jones, bondia wa Marekani. Machi 2003 alipanda uzito wa juu, akiwa na kilo 87 na nusu, akamshinda John Ruiz na kuchukua mkanda. Novemba mwaka huohuo akarudi kilo 79.4 kucheza na Antonio Tarver. Alikuwa na miaka 34. Alishinda kwa tabu. Mei 2004 Tarver akamlaza raundi ya pili, na Septemba Glen Johnson akamlaza tena. Wako wanaosema ni uzee tu ulimfika. Mimi naamini kule kurudi chini ndiko kulikouleta uzee wote kwa siku moja.

Halafu kuna kisa ambacho huwa nakirudia kambini. Mwaka 1999 Manny Pacquiao, bondia wa Ufilipino, kijana wa miaka 20, alishindwa kufikia kilo 50.8, akapoteza mkanda kwenye mzani, kisha akapigwa KO raundi ya tatu. Hakung'ang'ania. Akapanda, na mwaka 2001 akachukua mkanda kwenye kilo 55.3. Desemba 2008 akakutana na Oscar De La Hoya kwenye kilo 66.7. De La Hoya, miaka 35, hakuwa amecheza uzito huo tangu 2001. Alishuka hata chini yake, kama kilo 65.8. Baada ya raundi ya nane hakuinuka kitini. Aliyepanda alimngoja aliyeshuka.

Na Bernard Hopkins je? Alitoka kilo 72.5 akaenda 79.4 mwaka 2006, akiwa na miaka 41, akamshinda huyuhuyu Tarver. Mwaka 2011 akachukua mkanda akiwa na miaka 46.

Najua swali mlilonalo: "Kocha, nisiposhusha nitakutana na jitu lililoshusha kilo nane." Hofu hiyo ni ya kweli, sitaidharau. Mnapimwa leo, mnacheza kesho, na usiku kucha mwenzako anakunywa na kula. IBF, moja ya mashirikisho ya ngumi ya dunia, kwa miaka mingi kwenye mapambano yake ya ubingwa lilipima tena asubuhi ya pambano, na hukutakiwa kuzidi kilo 4 na nusu juu ya kikomo. Natamani hapa kwetu tuanze hivyo, hata kwa mapambano ya raundi sita.

Kambini kwangu kuna daftari. Kila Jumatatu, kabla ya chai, kila bondia anapanda mzani, awe na pambano au asiwe nalo. Anakula ugali, maharage, parachichi, anakunywa maji kama kawaida. Kwa aliyezidi miaka 30, wiki ya mwisho sikubali ashushe zaidi ya kilo mbili. Akihitaji zaidi, anapanda uzito.

Kijana wangu mmoja alianza na kilo 57. Mwaka huu ukurasa wake unasoma 64, 63, 64. Juzi akapigiwa simu ya kilo 59. Akaniletea simu ili nimsemee. Nikampa daftari, akamsomea promota namba zote, moja moja. Pambano lile alipewa mwingine. Jumatatu iliyopita, kabla ya chai, alikuwa 63 na nusu.