Taa Iliyokaa Juu Mno: Matembezi ya Cape Point

Ndugu zangu, habari za jioni. Mmeniita nizungumzie matembezi ya Cape Point, rasi iliyo kule Afrika Kusini yenye minara miwili ya taa za kuongozea meli, nami nina ombi moja kabla sijaanza: mkifika, msiishie kwenye mnara wa juu. Watu wengi hupanda, wakapiga picha penye nguzo ya vibao vya umbali wa miji ya dunia, wakashuka zao kurudi Cape Town. Wameuona mnara usiowaka. Unaowaka uko chini, na njia ya kuuendea ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Kupanda kwenyewe hakuchukui muda. Kuna kiberenge kinachovutwa kwa waya, dakika tatu umefika, na mwenye magoti mabovu akipande bila aibu yoyote. Mwenye miguu yake apite kwenye njia ya mawe. Ni fupi ila kali, vidato juu ya vidato, bahari ikizidi kushuka chini yako kila unapogeuka. Chakula kiacheni ndani ya mkoba, nyani wa pale hawaombi. Na upepo! Sisi watu wa pwani tunaujua kusi, upepo unaojaza tanga na kupoza nyumba. Ule wao wa kusini-mashariki, katika miezi yao ya joto, utakufanya ushike ukuta kwa mikono miwili.

Mnara wa juu ulijengwa mwaka 1859, taa ikawashwa 1860. Uko mita 238 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa dunia ni duara, taa ikiinuliwa huonekana mbali zaidi, na usiku wa anga safi baharia aliiona akiwa kilomita 67. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi kabisa.

Jabali ndilo lililowaangusha wajenzi. Upepo wenye unyevu ukitoka baharini na kuligonga, hauna pa kwenda ila juu. Ukipanda unapoa, unyevu unageuka wingu, na wingu linatulia kileleni, palepale walipoiweka taa. Nilifika asubuhi ya namna hiyo. Ukuta mweupe wa mnara ulikuwa unatoka jasho, matone yanafuatana juu ya rangi kama kwenye mtungi wa maji baridi. Niliubandika kiganja, kikalowa. Kizuizi cha mawe kilichokuwa hatua chache mbele yangu sikukiona. Mawimbi nayasikia, bahari siioni.

Hata anga safi ilikuwa na hatari yake. Taa ilionekana mapema mno, na manahodha waliokuwa wakiizunguka rasi wakajikuta wamesogelea nchi kavu kuliko inavyofaa.

Usiku wa 18 Aprili 1911, meli ya abiria ya Ureno iitwayo Lusitania ilikuwa inatoka Lourenço Marques, Maputo ya leo. Msiichanganye na ile ya Waingereza iliyozamishwa 1915. Ukungu ulikuwa umetanda, meli ikaupanda mwamba wa Bellows Rock, nje kidogo ya rasi. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 700, na wengi wao walikuwa vibarua Waafrika. Karibu wote waliokolewa. Wachache walikufa mashua yao ilipopinduka. Katika masimulizi yote niliyoyasikia kuhusu usiku ule nimetajiwa jina la meli na jina la mwamba. La kibarua hata mmoja sijatajiwa, na jambo hilo linanichoma kila ninapolisimulia.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, bibie? Anauliza kama ni hapo bahari mbili zinapokutana. Hapana, ingawa utaambiwa hivyo na wengi. Ncha ya kusini kabisa ya Afrika ni Cape Agulhas, kama kilomita 150 kusini-mashariki, na mpaka wa Atlantiki na Bahari ya Hindi umewekwa huko. Ila kilele cha mnara wa juu kinaitwa kwa jina la Vasco da Gama, baharia Mreno aliyeizunguka rasi hii mwaka 1497, na Aprili iliyofuata akawa Mombasa, kisha Malindi. Waliowahi kukaa chini ya nguzo yake pale Malindi watajua kwa nini nilisimama pale kimya kwa muda.

Turudi njiani. Baada ya ajali ile ulijengwa mnara mpya, ukakamilika mwaka 1919, mita 87 tu juu ya bahari, na taa yake ndiyo kali kuliko zote za pwani ya Afrika Kusini. Njia yake inaanzia chini ya mnara wa zamani na kufuata mgongo wa rasi, nyembamba, maji huku na huku. Mnapita mabaki ya kituo cha rada cha Vita Kuu ya Pili. Tengeni saa moja na nusu, kwenda na kurudi.

Nilikuwa nashuka taratibu, mkono kwenye vichaka vilivyolowa, nikiangalia ninapokanyaga. Hatua moja nimo kwenye weupe. Hatua kadhaa mbele nikaona jiwe, nikaona mnandi anapita chini yangu, kisha bahari yote hadi upeo, kama mtu aliyetoka chini ya dari. Tofauti ya minara miwili ni mita 151. Nilizipima kwa magoti yangu mwenyewe.

Hadi kwenye mnara wenyewe huruhusiwi, unauangalia kutoka juu. Meli ya mizigo ilikuwa inapita mbali, ikielekea mashariki. Niliiona vizuri, mpaka rangi ya makasha yake. Nikageuka kuutazama mnara wa zamani. Ulikuwa bado umo ndani ya wingu.