Binti wa Bute Street aliyeambiwa apunguze sauti

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Mkisikia upepo unapiga kwenye simu mnivumilie, leo sikurekodi chumbani. Nimesimama Bute Street hapa Cardiff, mji mkuu wa Wales, na upepo huu unatoka baharini moja kwa moja. Ngoja niwageuzie kamera. Kule mwisho wa barabara ndiko bandarini. Haya maghorofa mawili marefu yako Loudoun Square. Huku nyuma kuna msikiti, na ukipita hapa mchana wa Ijumaa utaamkiwa na wazee wa Kisomali, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkono wa kulia uchoke kupokea salamu. Zamani eneo lote hili liliitwa Tiger Bay. Nyumba zenyewe za zamani hamtaziona, zilibomolewa miaka ya 60.

Mtaani hapa, tarehe 8 Januari 1937, alizaliwa mwanamke ambaye sauti yake wengi wenu mnaijua hata kama jina hamlijui. Shirley Bassey.

Mimi sauti yake nilikutana nayo Tanga, kwenye banda la video. Kaka yangu alinipeleka. Tulikaa mbele kabisa juu ya mkeka, televisheni imewekwa juu ya kabati, jenereta linanguruma nje. Filamu ilikuwa ya James Bond, ile ya Goldfinger. Matarumbeta yakalia, halafu ikaja sauti ya mwanamke, na yule kijana aliyekuwa akikusanya hela mlangoni akasimama na sarafu mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Spika ilikuwa mbovu, inakwaruza, lakini sauti ile ilipenya. Kiingereza sikukijua wakati huo. Nilichoelewa ni kwamba huyu mama anatuonya, kuna mtu wa hatari mbele yetu.

Nimehamia huku miaka mingi baadaye, ndipo nikaambiwa, yule mama ni wa hapa hapa, mtaa wa pili.

Ili mumwelewe yeye, lazima muelewe kwanza mahali hapa. Cardiff ilijengwa na makaa ya mawe. Yalichimbwa huko juu kwenye mabonde ya Wales, yakashushwa kwa treni mpaka hapa, yakapakiwa melini. Mwaka 1913 peke yake zilitoka zaidi ya tani milioni 10. Meli zile zilihitaji watu wa kuchochea moto kule chini, kazi ya joto na vumbi, na watu hao walitoka Somalia, Yemen, Cape Verde, visiwa vya Karibi na Afrika Magharibi. Walipanga vyumba humu, wakaoa humu, wakazaa humu. Wenyeji husema palikuwa na watu wa mataifa zaidi ya 50. Lakini msidhani walipokelewa kwa vigelegele. Juni 1919 magenge ya wazungu yaliwavamia watu weusi na Waarabu mitaa hii, na watu waliuawa.

Baba yake Shirley, Henry Bassey, alikuwa baharia kutoka Nigeria. Mama yake, Eliza, alikuwa Mwingereza wa kaskazini. Shirley alikuwa mtoto wa mwisho. Akiwa bado mdogo sana baba akaondoka nyumbani, na mama akabaki na watoto. Walikuwa wamehamia Splott, upande wa pili wa reli, karibu na kiwanda cha chuma. Mtoto mweusi, bila baba, mama mzungu, miaka ya 40. Hapo mnaweza kujaza wenyewe alivyokuwa akiitwa njiani.

Na alikuwa anaimba. Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana ndicho kilichonitoa nyumbani na upepo huu. Shirley amesimulia mwenyewe kwamba kila mtu alimwambia anyamaze. Kwenye kwaya ya shule mwalimu alikuwa akimwambia arudi nyuma, arudi nyuma kidogo, arudi tena, mpaka akajikuta anaimbia kwenye korido.

Niliposoma habari hiyo niliweka simu chini. Mimi nimeimba kwaya tangu nina miaka kumi na miwili. Nilishawahi kusimamishwa safu ya mwisho kabisa, pembeni ya dirisha, nikaambiwa siku ya mashindano nifungue mdomo tu, sauti isitoke, kwa sababu nawafunika wenzangu. Nilifanya hivyo. Nilifungua mdomo nyimbo tatu nzima, sikutoa kitu. Nililia siku ile njia nzima. Kwa hiyo nikisikia habari za yule msichana wa Splott pale kwenye korido, hanihadithii mtu.

Shule aliiacha akiwa na miaka 14, akaingia kiwandani. Mchana anafungasha bidhaa, usiku na mwisho wa wiki anaimba kwenye baa na vilabu vya wanaume. Na mimi naamini shule yake ilikuwa pale. Mwanamume ametoka zamu, ana bia yake mkononi, anazungumza na mwenzake kwa sauti ya juu, hakuja kukusikiliza wewe. Ukitaka akugeukie, lazima kila neno lifike. Mtazameni Shirley kwenye video yoyote, hata ya uzeeni. Hamezi neno. Mwisho wa kila neno unausikia. Mikono inasimulia, vidole vinasimulia, jicho linasimulia. Waimbaji wengi wana sauti kubwa, lakini yeye kila wimbo anauigiza kama mchezo wa jukwaani, na yeye ndiye aliyetendwa au ndiye aliyetenda.

Mwaka 1953, ana miaka 16, akapata mkataba wake wa kwanza wa kuzunguka na onyesho. Muda si mrefu akapata ujauzito. Akarudi Cardiff, akajifungua binti, Sharon, akafanya kazi ya kuhudumu mezani. Wangapi wetu tunamjua msichana wa namna hiyo, anayeambiwa basi, yako yameishia hapo? Mtoto alilelewa na dada yake Shirley, na 1955 wakala mmoja, Michael Sullivan, akamrudisha jukwaani. Mwaka huo huo akawa London, kwenye onyesho la Jack Hylton, mwandaaji wa maonyesho, pale Adelphi Theatre.

Wimbo wake wa kwanza kwenye santuri, Burn My Candle, ulitoka 1956. BBC ikaufungia kwa sababu ya maneno yake, binti ana miaka 19. Haikumzuia. Mwaka 1957 Banana Boat Song ukaingia kumi bora, na mwanzoni mwa 1959 As I Love You ukashika namba moja Uingereza, ukakaa hapo wiki nne. Hakuna mtu wa Wales aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Tom Jones, ambaye ndiye watu hutaja kwanza ukisema Wales, alifika namba moja 1965. Yaani mtu wa kwanza kuipeleka Wales kileleni alikuwa binti mweusi wa bandarini. Ningependa watoto wetu wanaosoma shule za huku waambiwe hivyo waziwazi darasani.

Turudi kwenye Goldfinger, maana hapo siwezi kupita haraka.

Ni 1964. Mtunzi John Barry alimpigia ule muziki kabla hata maneno hayajaandikwa, na Shirley akakubali. Wakaingia studio London, usiku, na okestra nzima. Kwenye skrini mbele yake majina ya mwanzo wa filamu yanapita, na yeye anatakiwa aishike noti ya mwisho mpaka majina yaishe. Anashika, majina hayaishi. Barry anamwonyesha kwa mkono, endelea, endelea kidogo tu. Ikabidi warudie. Katikati ya kurudia, Shirley akaingia nyuma ya pazia, akavua sidiria ili kifua kipate nafasi, akarudi kwenye maikrofoni. Akashika noti ile mpaka mwisho, na amesimulia kwamba alipomaliza alikaribia kuzimia.

Wanakwaya mnaonisikiliza, mnajua ninachosema. Pumzi haikai shingoni. Inakaa chini, mbavu zinafunguka, mgongo unafunguka, na nguo ikikubana imekunyima nusu ya sauti yako. Watu wakisikia kisa kile hucheka kwa ajili ya sidiria. Mimi nasikia fundi anayejua kifaa chake, anayejua ni wapi kimebanwa, na haoni haya kukilegeza.

Hapa Uingereza wimbo ule uliishia namba 21 tu, nisingeamini kama nisingeona. Marekani ulifika namba 8. Baadaye akaimba Diamonds Are Forever, 1971, na Moonraker, 1979. Nyimbo tatu za James Bond. Mwimbaji mwingine aliyefikisha tatu hayupo. Katikati hapo kulikuwa na Big Spender, 1967, na This Is My Life, ambao asili yake ni wimbo wa Kiitaliano aliokwenda kuushindania kwenye tamasha la Sanremo, 1968. Miaka ya 70 ilikuwa ya televisheni na Las Vegas na magauni ya kung'aa, naipita.

Mwaka 1985 alimpoteza binti yake Samantha. Alikuwa na miaka 21, alikutwa kwenye mto Avon, Bristol. Shirley akarudi jukwaani mapema mno, na sauti ikakataa. Ilikatika mbele ya watu. Mwanamke aliyeambiwa maisha yake yote apunguze sauti, safari hii sauti yenyewe ikaondoka. Sitaongeza neno la kupamba hapo. Wazazi mliozika watoto mnajua kifua kinavyofunga. Ilibidi atafute mwalimu, aanze mazoezi tena kama mwanafunzi, pumzi kwa pumzi, akiwa karibu miaka 50 na jina lake tayari linajulikana dunia nzima. Nikiulizwa ni wapi alipokuwa mkubwa kweli, naionyesha kwanza miezi ile ya mazoezi, halafu ndiyo Goldfinger.

Baada ya hapo, nyinyi vijana, mmemsikia bila kujua. Mwaka 1997 vijana wa kundi la Propellerheads walimwita kuimba History Repeating, muziki wa klabu, ana miaka 60, na ungesema ulitungwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Wimbo wa Kanye West wa 2005 unaotaja almasi za Sierra Leone, ile sauti ya kike inayorudiarudia ni ya Shirley. Na yale matarumbeta ya Public Enemy, kundi la rap la Marekani, kwenye Harder Than You Think, yametolewa kwenye rekodi yake ya miaka ya 70, Jezahel. Msikilize tena leo jioni, mtayatambua.

Nyumbani hakusahau. Mwaka 1999 Kombe la Dunia la raga lilipofunguliwa hapa Cardiff, aliimba uwanjani pamoja na Bryn Terfel, mwimbaji wa opera wa hapa Wales, gauni lake limeshonwa kama bendera ya Wales, joka jekundu limetanda mwilini. Mwaka 2000 akapewa cheo cha Dame, heshima kubwa ya kifalme ya Uingereza.

Halafu Glastonbury, 2007. Hili ni tamasha la muziki shambani, na mwaka huo mvua ilinyesha mpaka uwanja ukawa matope matupu. Shirley ana miaka 70. Akapanda jukwaani na gauni la waridi lililobuniwa na Julien Macdonald, mbunifu wa hapa hapa Wales, na picha yake iliyozunguka dunia ni ile amevaa gambuti. Gambuti zile zile tunazovaa kwenye majaruba ya mpunga, ila zake zimepambwa kwa vito vinavyong'aa, na herufi DSB, Dame Shirley Bassey. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Amesimama wima, kidevu juu, matope hayajamkuta.

Mwaka 2013, kwenye tuzo za Oscar, aliimba tena Goldfinger akiwa na miaka 76, na ukumbi ukasimama. Ndiyo, noti ya chini zaidi kuliko zamani, sauti imekuwa nzito, lakini mwisho wa neno bado unausikia. Wakati huo huko nyumbani tulikuwa bado na Bi Kidude, alifariki Aprili mwaka huo huo, na nakumbuka niliwatazama wote wawili kwenye simu usiku mmoja, nikashindwa kulala. Novemba 2020 Shirley akatoa albamu I Owe It All to You, akawa mwanamke wa kwanza kuingiza albamu kwenye 40 bora za Uingereza katika miongo saba mfululizo. Machi 2022, ana miaka 85, alifungua tuzo za filamu za Uingereza, BAFTA, ukumbi wa Royal Albert Hall na Diamonds Are Forever. Mwaka 2023 posta ikamtolea stempu. Kwenye nishani za Mwaka Mpya wa 2024 akatajwa kuwa Companion of Honour, nishani ambayo hupewa watu hai wasiozidi 65 kwa wakati mmoja.

Mvua imeanza kudondoka, mnaiona kwenye lenzi. Kabla sijazima: leo usiku wekeni Goldfinger, ile ya 1964. Si kwa spika ya simu, tafadhalini, azimeni hata redio ya jirani. Simameni, legezeni mkanda, legezeni kanga. Mkifika noti ya mwisho vuteni pumzi naye, mshike naye, halafu mniambie mliishia wapi. Mimi jana nilijaribu jikoni, niliishia kabla yake. Kesho najaribu tena.