Mama alisema karibu, askari akaingia

Haya, hamjambo ndugu zangu. Wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, na wakubwa zangu wote shikamooni. Leo hatutembei mjini. Nimekaa hapa kibarazani kwangu, Columbus, Ohio, na huu mlango mnaouona nyuma yangu ndio nitakaouzungumzia. Wengi mmeniuliza habari za polisi wa Marekani. Ngoja nianze na mama yangu.

Mama alikuja kututembelea kiangazi kilichopita. Siku hiyo sisi tuko kazini, yeye yuko jikoni na maandazi yake. Mlango ukagongwa. Akafungua, akamwona askari, na mama, mtu wa Ngamiani kule Tanga, akafanya anachomfanyia kila anayefika mlangoni: "Karibu baba, karibu ndani, kaa." Yule kijana hajui Kiswahili hata neno moja, lakini mkono wa mama ulikuwa unaonyesha kochi. Akaingia. Kumbe anamtafuta mtu aliyeishi humu kabla hatujanunua nyumba. Akaonyesha vyumba kwa kidole, mama akaitikia kwa kichwa, basi akapita chumba kwa chumba mpaka kwenye kabati la mashuka. Alitoka na maandazi mawili kwenye tishu.

Mimi niliposimuliwa nilicheka. Jirani yangu ambaye ni wakili hakucheka. Akaniambia, mama yako ametoa ridhaa.

Hilo neno ridhaa lishikeni. Katiba yao ina Marekebisho ya Nne, ya tangu 1791, na kwa hayo askari akitaka kupekua nyumba yako sharti awe na hati ya upekuzi kutoka kwa jaji. Lakini ukimkubalia mwenyewe, haihitaji tena hiyo hati. Na hapa ndipo nilipokasirika: mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema ridhaa lazima itoke kwa hiari, ila askari halazimiki kukuambia kwamba una haki ya kukataa. Yeye anauliza tu kwa upole, "naweza kuingia?" Mtu uliyelelewa kwamba kumwacha mgeni mlangoni ni aibu, utajibu nini? Wakili angeweza kubishana kwamba mama hakuelewa, lakini mabishano hayo yanafanyika mahakamani, na wakati huo mashuka yameshaonekana.

Sasa sikilizeni hii. Kuna kesi ya Florida, ya mwaka 2013. Polisi walimpeleka mbwa wa kunusa mpaka mlangoni kwa mtu. Mahakama ikasema mgeni yeyote, hata askari, anaruhusiwa kupita njia ya mbele, kugonga, kusubiri kidogo, na asipokaribishwa aondoke. Kuja na mbwa kunusa nyumba ya watu si kugonga, ni upekuzi. Niliposoma nikasema jamani, si hodi hii? Hodi mara tatu, kimya, unageuza. Bibi zetu walijua bila kwenda mahakamani. Na mwaka 2011 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshasema kwamba askari asiye na hati akigonga, wa ndani halazimiki kufungua wala kuzungumza.

Kwa hiyo hapa kwetu siku hizi tunaongea mlango ukiwa umefungwa. Nani? Unataka nini? Una hati? Anayo, aipitishe chini ya mlango, tuangalie anwani ni yetu na imesainiwa na jaji. Hana, tunamwambia kwa adabu haturuhusu kuingia. Akiingia kwa nguvu, tafadhali usimzuie kwa mwili wako, utaumia na utashtakiwa. Sema tu kwa sauti kwamba hukubali upekuzi, kamera ya mlangoni irekodi. Na wakisikia ndani mtu anapigwa anapiga kelele, hapo wanaingia bila kumngoja jaji, na mimi ningetaka waingie.

Mke na mume pia mpatane. Mwaka 2006 ilikuja kesi ya Georgia, mke anasema ingieni, mume kasimama palepale anasema hapana. Mahakama ikamsikiliza mume. Angekuwa kazini, ya mke yangetosha.

Mtu wa manispaa naye, yule anayekuja kukagua majani marefu na nyaya za umeme, msimwone kama ana ufunguo. San Francisco mwaka 1963 mpangaji mmoja, Camara, aliwakatalia wakaguzi wa nyumba waliokuja bila hati, wakamshtaki. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ikamwunga mkono: mwenyeji akikataa, mkaguzi naye akatafute hati. Mimi wa majani nilimwacha aangalie ua, maana kweli majani yalikuwa yamefika magotini.

Karatasi za uhamiaji ni habari nyingine. Nyingi zinasainiwa na ofisa wa idara yenyewe, si jaji, na mawakili wa wahamiaji wamekuwa wakituambia miaka yote kwamba hizo hazimpi mtu ruhusa ya kuingia ndani. Mvutano huo unaendelea, kwa hiyo mwenye kesi aongee na wakili, asinitegemee mimi wa kibarazani.

Nanyi mlioko nyumbani msidhani haya ni ya Wazungu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inataja heshima na hifadhi ya maskani ya mtu. Kenya ni Ibara ya 31. Sheria ya Tanzania inataka hati ya upekuzi itumike kati ya macheo na machweo, mpaka mahakama iruhusu vinginevyo, na wakichukua kitu wakupe stakabadhi iliyosainiwa na mwenye nyumba na mashahidi. Mangapi kati ya hayo uliyaona siku walipokuja mtaani kwenu? Niandikieni hapo chini.

Mama amesharudi Tanga. Juzi kanipigia, anasema mjumbe kaja kugonga, naye akauliza kwa ndani, "Una hati?" Mzee wa watu alikuwa amekuja na mchango wa harusi.