Kukata Muunganisho Si Kufuta Idhini

Mhadhara kwa vijana na wafanyabiashara, Mombasa

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Walioandaa kikao wamenipa mada ndefu: namna ya kuunganisha pochi ya kripto iliyo kwenye simu na programu zilizogatuliwa, yaani zile zinazoendeshwa kwenye blokucheni, bila kuibiwa. Blokucheni ni daftari la wazi la miamala, linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Sitaeleza kripto ni nini. Wengi wenu mnalipwa kwa USDT, ile sarafu inayofuata thamani ya dola, na wateja wa nje, kisha mnamtafuta mnunuzi awatumie shilingi kwa M-Pesa. Hayo mnayajua kuliko mimi. Naanza na jambo ninalolirudia kila ninapopewa kipaza sauti, na bado watu wanalizwa nalo: ukibonyeza pale palipoandikwa kata muunganisho, hujafuta idhini uliyoitoa. Hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja kiko mahali pake.

Tutazame kwanza kuunganisha kwenyewe. Unafungua programu ya kubadilishana sarafu. Inakuonyesha msimbo wa QR wa WalletConnect, ambayo ni njia ya kuunganisha pochi na tovuti, au inakurusha moja kwa moja kwenye pochi yako. Pochi inauliza kama unakubali kuunganishwa na tovuti fulani. Ukikubali, tovuti inapata anwani yako, na inapata njia ya kukuletea maombi. Basi. Ufunguo wako, yaani ile siri inayosaini miamala yako, haijaupata, na haiwezi kuhamisha hata senti. Salio imeliona, lakini salio la anwani yoyote liko wazi kwenye blokucheni kwa yeyote anayetaka kulitazama. Kwa hiyo wale wanaosambaza sauti WhatsApp kwamba ukiunganisha tu umekwisha, naomba waache. Wanawatia watu hofu mahali pasipo na hatari, halafu mtu akiunganisha na pesa zikabaki, anajiona ameshavuka. Hajavuka. Ombi linalofuata ndilo lenye kazi.

Ombi hilo ni la idhini. Sarafu kama USDT kwenye mitandao ya blokucheni kama Ethereum au BNB Chain ni mkataba mahiri, yaani programu inayoishi kwenye blokucheni na kuweka hesabu ya nani ana kiasi gani. Programu ya kubadilishana haiwezi kuigusa USDT yako mpaka wewe uuambie ule mkataba: mruhusu huyu achukue kiasi hiki kwangu. Na kile kiasi mara nyingi huandikwa bila kikomo. Wewe unabadilisha dola 20, ruhusa uliyotoa ni ya kila kitu ulicho nacho sasa na kila kitakachoingia kesho.

Chukulieni duka la mtaani lenye daftari la deni. Umemwambia mwenye duka: huyu bwana akija mpe anachotaka, andika kwa jina langu. Baadaye mnakosana na yule bwana, humsalimii, hata namba yake umeifuta. Mwenye duka ana habari gani? Daftarini bado imeandikwa apewe. Hapa mwenye duka ni mkataba wa USDT. Idhini haikai kwenye pochi yako, wala haikai kwenye ile tovuti. Imeandikwa ndani ya mkataba wa sarafu, na itabaki pale mpaka wewe mwenyewe urudi kuifuta.

Yuko dada mmoja wa Kisauni, kazi yake ni kuandika yaliyosemwa kwenye rekodi za sauti, na wateja wake wako ng'ambo. Alitaka kununua sarafu fulani iliyokuwa ikivuma. Akaletewa linki, akaunganisha pochi, ikaja skrini ya idhini, akathibitisha bila kushuka chini kusoma kikomo. Na ile sarafu aliipata kweli. Hapo ndipo ujanja ulipo, kwa sababu alitoka na alichokifuata, hakuwa na sababu ya kushuku. Akakata muunganisho, kama alivyofundishwa na video za mtandaoni, akaendelea na maisha yake.

Malipo ya mteja yalipoingia, yakaondoka usiku ule ule. Akadhani simu imeingiliwa. Akaipeleka kwa fundi Mwembe Tayari, ikafutwa kila kitu, akalipa. Akarejesha pochi yake kwa maneno yale yale 12 ya siri, yale yanayozalisha ufunguo wa pochi. Anwani ile ile, kwa hiyo idhini ile ile. Malipo mengine yakaingia, nayo yakachukuliwa. Kaka yake akamlaumu kwamba ametoa nywila. Mama wa watu hakutoa nywila yoyote, hakutoa maneno ya siri, na kila mtu nyumbani anamwona muongo.

Nilikaa naye tukafungua BscScan, tovuti ya kutazama miamala ya BNB Chain, tukabandika anwani yake. Ule muamala uliochukua pesa haukuanzishwa na yeye. Ulianzishwa na anwani nyingine kabisa, na kwenye sehemu ya kazi iliyofanywa pameandikwa transferFrom, maana yake mtu wa tatu anachukua kwa idhini. Tukarudi nyuma mpaka siku ya ile linki, tukaukuta muamala wa idhini. Data yake inaanza na 0x095ea7b3. Nawasihi muikumbuke alama hiyo, kwa sababu pochi nyingine hazikutafsirii ombi, zinakumwagia data tupu. Ukiiona inaanza hivyo kwenye mkataba wa sarafu, unaombwa idhini, hata kama tovuti imeandika dai zawadi au thibitisha akaunti. Na kiasi alichoruhusu ni namba yenye tarakimu 78. Hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote ambazo mkataba unaweza kuishika. Watu wakisema bila kikomo, ndiyo hiyo.

Nawasikia mkisema: lakini hata programu kubwa zenye jina zinaomba hivyo hivyo. Kweli. Zinaomba hivyo ili usilipe ada ya mtandao kwa kutoa idhini upya kila unapobadilisha. Ni nafuu, na kwa mtu mwenye haraka ni raha. Lakini pochi kama MetaMask inakuruhusu kubadilisha kikomo pale pale kabla ya kuthibitisha. Unabadilisha dola 20, andika 20. Ada ya mara ya pili ni bei ndogo sana. Mtu anayebishana na bei ya nyanya Kongowea kwa shilingi tano, kwa nini asisome skrini moja inayohusu mshahara wake wote? Hili linaniuma, na sitaacha kulisema.

Na msidhani jina kubwa linakinga. Desemba 2021, watumiaji wa BadgerDAO, mradi mmoja wa kripto, walipoteza takriban dola milioni 120. Mikataba yenyewe haikuvunjwa. Wezi waliingiza kipande cha programu kwenye tovuti ya mradi, ile ile halali, anwani ile ile waliyoizoea watu, na kikawa kinaongeza ombi la idhini katikati ya shughuli za kawaida. Idhini zilikuwa zikikusanywa tangu Novemba. Walisubiri. Waliotoa idhini walikuwa wameshafunga ukurasa na kusahau. Desemba 14, 2023, ikawa zamu ya Ledger Connect Kit, kipande cha programu ambacho tovuti nyingi hukitumia kuunganisha pochi. Kwa saa kadhaa tovuti halali zikawa zinatoa maombi ya wizi bila wenyewe kujua. Kwa hiyo ukiniambia, lakini nilihakikisha linki, nakujibu: umefanya vema, na bado soma ombi.

Sasa kufuta. Nenda kwenye ukurasa wa idhini wa Etherscan kwa Ethereum, au BscScan kwa BNB Chain, au tovuti ya revoke.cash. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, herufi kwa herufi; usibonyeze tangazo la juu kwenye utafutaji, maana matapeli wametengeneza kurasa bandia za kufutia idhini, wakijua anayekuja pale tayari ameingiwa na hofu. Kuangalia tu hakuhitaji kuunganisha pochi: bandika anwani yako, orodha inakuja. Ona sarafu gani, nani ameruhusiwa, kiasi gani. Kufuta ndiko kunakohitaji pochi, kwa sababu unatuma muamala wa kuandika sifuri kwenye mkataba, na muamala una ada. Basi uwe na BNB kidogo kwenye BNB Chain, ETH kwenye Ethereum. Na kila mtandao una orodha yake. Ukisafisha Ethereum, za BNB Chain na Polygon ziko pale pale zinakungoja.

Ila kama ulitoa maneno ya siri, usipoteze muda kufuta idhini. Mwizi ana ufunguo, atajipa nyingine. Fungua pochi mpya yenye maneno mapya, hamisha kilichobaki, anwani ya zamani iache.

Muda naona unaniishia, na mwenyekiti ameshanionyesha saa. Yaliyobaki nayasema mbio. Kuna idhini isiyolipiwa ada hata kidogo, inayotolewa kwa sahihi tu. USDC, sarafu nyingine inayofuata dola, ina uwezo huo. Pochi inakuambia saini ujumbe, hakuna ada, nawe unaona si kitu. Mwizi ndiye anayebeba ile sahihi na kulipa ada mwenyewe. Ukiona kwenye ujumbe neno Permit, na chini yake jina la anayeruhusiwa na kiasi, hiyo ni idhini kamili. Kusaini ujumbe wa kuingia tovutini hakuhitaji kutaja kiasi cha sarafu.

Wenye pochi za kifaa, zile za kuchomeka, msijione mko salama kwa kila kitu. Kifaa kinalinda ufunguo, hakikusomei ombi. Februari 2025 Bybit, soko la kubadilishana kripto, walipoteza takriban dola bilioni 1.5, na waliosaini walikuwa na vifaa. Skrini ya kompyuta iliwaonyesha muamala wa kawaida, wakasaini mwingine.

Kuhusu serikali: ndiyo, tuna sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2025, na Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji wamepewa usimamizi. Ni jambo jema. Lakini wanasimamia kampuni. Hakuna afisa anayeweza kurudisha muamala uliokwisha kuandikwa kwenye blokucheni. Tether, kampuni inayotoa USDT, wanaweza kufungia anwani kwenye mitandao ya Ethereum na Tron, ila mwizi mwenye akili huibadilisha USDT dakika ile ile kuwa kitu kisichofungika. Ripoti polisi, chukua namba ya ripoti, lakini usikae ukingoja pesa.

Weka pochi mbili. Moja ya kupokea mshahara, haiunganishwi na chochote, hata programu ya shemeji yako. Nyingine ya kuzungukia kwenye programu, yenye kile tu unachokitumia siku hiyo. Dada yangu wa Kisauni sasa anafanya hivyo, na yule mteja wake bado anamlipa.

Madaraja ya kuhamisha sarafu kati ya mitandao siyagusi leo, yanataka kikao chake. Tutumie muda uliobaki kwa kazi. Nitakaa meza ile ya dirishani. Anayetaka kukagua idhini zake aje na simu na anwani yake, aanze na mtandao anaopokelea mshahara. Maneno ya siri asinitajie, wala asimtajie yeyote humu ndani, kwa sababu ukaguzi hauyahitaji. Mama yangu pale nyuma ulinyoosha mkono kitambo, njoo wewe kwanza.