Jinsi ya Kusoma Vifupisho vya Karatasi ya Korti

Hamjambo watazamaji wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na kwingineko. Chukua karatasi yako ya korti tuisome pamoja. Mimi nimeandika ubaoni mfano wa kubuni: Kisumu HCCA E031 ya 2021.

Kwanza, mji. Hapo ndipo kesi iliposajiliwa, hata kama wewe unaishi Siaya.

Pili, herufi. Hapa tutulie kidogo. HC ni Mahakama Kuu, C inayofuata ni madai, A ni rufaa. Maana yake kesi ilishaamuliwa na korti ya chini, na asiyeridhika ameipandisha. Ingeandikwa HCCC, ingekuwa kesi ya madai iliyofunguliwa hapo hapo Mahakama Kuu. Tafadhali ikague herufi hiyo ya mwisho, kwa sababu kwenye rufaa majaji huanzia kwenye rekodi ya korti ya chini, hawaanzi upya. CMCC nayo ni kesi ya madai kwa Hakimu Mkuu.

Wenye kesi za mashamba mtaona ELC, Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ikiingia R katikati, ikawa ELRC, hiyo ni ya ajira na mahusiano ya kazi. Zote mbili zina hadhi sawa na Mahakama Kuu, kwa Kifungu cha 162 cha Katiba ya 2010, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba umepelekwa korti ndogo.

Tatu, E inaonyesha kesi iliwasilishwa kwa mtandao. 2021 ni mwaka wa kufunguliwa.

Nne, hukumu ikitoka utaona [2023] KEHC, nambari, kisha (KLR). KE ni Kenya, KLR ni ripoti za sheria za Kenya. Huo 2023 ni mwaka wa uamuzi, hivyo miaka hiyo miwili haipingani. Hukumu nyingi zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. J baada ya jina ni Jaji. JA ni Jaji wa Mahakama ya Rufaa.

Familia zilizofiwa zitakutana na P&A, yaani mirathi. Fomu P&A 80 ni ya kuomba usimamizi wa mali pale marehemu hakuacha wosia, chini ya Cap. 160, Sheria ya Urithi.

Sasa nenda masjala, umsomee karani vipande vyote, kuanzia mji hadi mwaka. Ukimpa E031 peke yake hataipata faili yako, maana nambari hiyo hurudi kila mwaka, katika korti nyingi.