Futi Haimtukani Mtu

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja hapa Makadara tuzungumze juu ya kujikubali.

Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda katika soko la Gikomba, hapa Nairobi, na jioni nilisomea ushauri nasaha. Nianze na cherehani, maana ndiyo iliyonifichua. Kwa miaka mingi mteja akija kuchukua rinda lake, kabla hajalivaa, nililigeuza ndani nje nikamwonyesha mahali mshono ulipopinda. "Hapa kwenye zipu hapajakaa sawa, unisamehe." Yeye hakuwa ameona kitu. Akisifu, namwambia uzuri ni wa kitenge chenyewe. Nilidhani huo ni unyenyekevu, kumbe nilikuwa nawahi kujitukana kabla ya mtu mwingine kunitukana.

Tabia hiyo naijua ilikoanzia. Darasa la sita matokeo yalisomwa paredi, wa kwanza hadi wa mwisho. Tulikuwa 48. Nilisimama juani nikingoja jina langu, wakapita thelathini, wakapita arobaini. Nilikuwa wa 47. Mwalimu akasema mbele ya shule nzima kwamba wengine wetu tunamaliza chaki bure. Leo nina miaka 52, na bado nikiitwa jina kwenye foleni ya benki moyo hunidunda.

Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi hujipima kwa kuwatazama wenzake. Tazameni tunavyoishi mjini hapa: ploti ya jirani, mtoto wa dada aliyeenda ng'ambo, picha za kwenye simu. Kibandani kwangu kipimo kipo. Mteja akivuta tumbo nikimpima kiuno, namwomba apumue. Akitaka niandike inchi 34 na futi inasema 38, rinda litampasukia arusini. Futi haimtukani. Inasema mwili ulivyo ili nguo imkae. Hivyo ndivyo ninavyoelewa kujikubali, na kasoro zangu zimo ndani: Kiingereza bado kinanishinda, hasira zangu ziko karibu. Naandika 38, nakata kitambaa.

Mwaka 1965 Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, alitoa sentensi 10 za kupima jinsi mtu anavyojithamini, akiwa amechunguza wanafunzi wa sekondari wa jimbo la New York. Zinatumika hadi leo. Hakuna hata moja inayouliza alama za mtihani, mshahara wala umbo. Iliyonishika ni ile inayouliza kama unajiona mtu mwenye thamani, angalau sawa na wengine. Sawa tu, jamani! Nami miaka yote nilidhani lazima niwe wa kwanza ndipo niruhusiwe kukaa.

Lakini kama usingizi umekatika, chakula hakipiti, na unawaza kujidhuru, usingoje mhadhara mwingine. Nenda hospitali leo. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili pale barabara ya Thika, wanatibu, na kutibiwa si aibu.

Wiki iliyopita mama mmoja alijitazama kwenye kioo changu, akazunguka, akasema, "Fundi, leo umenipatia." Kwa ndani, chini ya kwapa, kulikuwa na mshono niliofumua nikaurudia, alama za sindano zilibaki. Mkono wangu ulishaanza kunyanyuka kumwonyesha. Nikaushusha.

"Asante, mama," nikamwambia, nikamkunjia rinda lake.